Amana Zilizomo Ndani ya Simu Zetu

Wazee wetu walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Zama zile daftari la nyumba lilifungiwa sandukuni, na ufunguo wa sanduku ukafungwa katika pindo la kanga ya mama. Leo daftari hilo limehamia katika simu na kompyuta. Humo mna hati za nyumba, vyeti vya watoto, hesabu za biashara, picha za jamaa, na maneno yasemwayo baina ya mume na mkewe. Sanduku limebadilika, lakini amana ni ile ile. Nasi twaona ya kuwa wengi wetu tumeliacha wazi.

Ndugu yetu mmoja aliibiwa mkoba ndani ya basi, na mkobani mlikuwa na kompyuta yake. Katika kompyuta hiyo mlikuwa na picha za harusi ya binti yake, zilizopigwa upande wa wanawake, nao wamekaa bila ya buibui kwa kuwa walijua wako peke yao. Alitujia akasema: "Chombo nimemsamehe mwizi. Lakini wanawake wale na waume zao nitawaambia nini?" Hatukuwa na jawabu la kumpa.

Tulimwuliza kama aliifunga kompyuta kwa neno la siri, akasema ndiyo. Hapo ndipo wengi hughafilika. Neno la siri la kuingilia, likiwa peke yake, ni kama komeo la mlango katika nyumba yenye ukuta wa makuti. Mwizi aweza kuitoa diski, akaitia katika kompyuta nyingine, akasoma kila kitu. Kinga ya kweli ni usimbaji, yaani kuyageuza yaliyomo yawe mafumbo yasiyosomeka ila kwa mwenye ufunguo.

Elimu hii si ngeni kwetu. Katika karne ya 9 mwanachuoni al-Kindi wa Baghdad aliandika kitabu cha kufumbua mafumbo, akaonyesha ya kuwa ukihesabu herufi zinazokariri mara nyingi waweza kuyatambua maandishi yaliyofichwa. Na neno la Kiarabu sifr, ambalo sisi twalitamka sifuri, ndilo walilolichukua watu wa Ulaya wakaliita kwalo fumbo la maandishi. Funzo la al-Kindi lingalipo: fumbo lililobuniwa na mtu mmoja nyumbani kwake hufumbuliwa upesi. Hata mfumo wa DES, uliotangazwa Marekani mwaka 1977, ulikuja kufumbuliwa mwaka 1998 na mashine iliyotengenezwa makusudi, kwa muda usiotimia siku tatu. Mahali pake pakashikwa na mfumo wa AES, uliobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ukakubaliwa rasmi mwaka 2001. Huu ndio unaotumika sana leo, na wataalamu wa dunia nzima wameujaribu wasiuvunje.

Basi, ndugu msomaji, hapana haja ya kubuni chochote. Katika kompyuta za Apple kufuli hii huitwa FileVault. Katika nyingi za Windows huitwa BitLocker. Na ipo VeraCrypt, ambayo hupatikana bure. Simu za miaka hii aghlabu husimba yaliyomo zenyewe, lakini nguvu ya kinga hiyo hutegemea namba uliyoifungia. Namba ya tarakimu nne ina namna 10,000 tu. Ya tarakimu sita ina namna 1,000,000. Mwaka wa kuzaliwa haufai, kwani kila jirani anaujua. Kwa kompyuta ni bora kuchagua maneno matano au sita yasiyohusiana, kwa kufungua kamusi bila ya kutazama, uyahifadhi moyoni. Wala usitumie neno moja la siri kila mahali, kwani likivuja pamoja, milango yote imefunguka.

Lakini kufuli haimfai mtu anayemfungulia mwizi kwa mkono wake. Akipigiwa simu na asiyemjua, akaombwa namba ya siri iliyoletwa kwa ujumbe, na asiitoe, hata mpigaji ajitambulishe kwa cheo gani. Tena tusiahirishe masahihisho ya programu. Mwezi wa Mei 2017 balaa iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150. Ilisimba mafaili ya watu kwa nguvu, kisha ikadai fedha ili yafunguliwe. Hata hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Na dawa ya tundu lile ilikuwa imekwisha kutolewa tangu Machi ya mwaka ule. Walioathirika wengi hawakuwa wameitia. Waliokuwa na nakala za akiba, zilizotengwa mbali na kompyuta, walirudishiwa mali yao bila ya kumlipa mwovu hata senti. Nakala hizo nazo zisimbwe, kwani diski ya akiba huibiwa kama nyingine.

Sasa tutazame upande wa pili, ambao husahauliwa. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mfanyabiashara mwaminifu, alifariki ghafla. Watu walikuwa wakimwekea amana, naye alikuwa akichukua bidhaa kwa mkopo, na hesabu zote zilikuwamo ndani ya simu aliyoifunga barabara. Wanawe hawakuweza kuifungua. Nasi twajua ya kuwa deni la maiti hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Watalipaje deni wasilolijua, na amana watamrudishia nani? Mwanawe mkubwa alikaa msikitini ijumaa baada ya ijumaa, akiwaomba wenye haki wajitokeze.

Usimbaji hauna huruma: ufunguo ukipotea, hata fundi aliyeiunda kufuli hawezi kukusaidia. Kwa hiyo yampasa kila mwenye nyumba aandike maneno yake ya siri katika karatasi, aitie katika bahasha na kuifunga, aiweke pamoja na wasia wake kwa mtu aliye mwaminifu. Mkewe au mwanawe mkubwa ajue bahasha iko wapi. Na kila anapoubadilisha ufunguo, aibadilishe na bahasha. Ama madeni na amana za watu, hizo ziandikwe pia katika daftari la karatasi.

Vijana wetu ndio wanaovijua vyombo hivi kuliko sisi. Twawaomba jioni moja wakae na wazazi wao, wafunge kilicho wazi, watengeneze nakala, na bahasha iandikwe siku hiyo hiyo. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuzitunza amana tulizopewa, tungali hai na baada ya kuondoka. Amin.