Sanduku Lijae Kabla ya Mvua

Ukiwa Juba, Sudan Kusini, na unataka kujua kijiji kiko mbali kiasi gani, usiulize kilomita kabla hujauliza mwezi. Pahali panapofikika kwa gari Februari huenda Agosti pasifikike ila kwa ndege, kwa mtumbwi au kwa miguu, maana udongo mweusi wa majimbo ya Jonglei na Upper Nile ukishalowa hunasa hata lori tupu. Barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, mpakani mwa Uganda, yenye urefu wa kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012 tu, mwaka mmoja baada ya uhuru. Anayepanga huduma ya afya Sudan Kusini anapanga, kwanza kabisa, nini kifike wapi kabla masika hayajafunga njia.

Kwa sababu hiyo mtoto mwenye homa hawezi kusubiri kupelekwa hospitali. Tiba ndiyo ikae kijijini, mikononi mwa mtu anayelala huko. Nchi imegawanywa katika majimbo, kaunti, payam, na chini kabisa boma. Zamani kila shirika lilikuwa na wahudumu wake, mafunzo yake na posho yake. Mwaka 2017 Wizara ya Afya ilizindua Mpango wa Afya wa Boma ili wote wawe chini ya utaratibu mmoja wa serikali. Mhudumu wa boma hufundishwa kutibu maradhi matatu yanayoua sana watoto wa chini ya miaka mitano: malaria, nimonia na kuhara. Sanduku lake lina kipimo cha haraka cha malaria, dawa mseto, amoksilini, chumvi ya kuongeza maji mwilini, zinki, na utepe wa kupima mkono wa mtoto aliyekonda.

Lakini vita vya 1983 hadi 2005 viliwanyima shule watu wa rika zima, na walionyimwa zaidi ni wanawake, hao hao ambao mama mwenye mtoto mgonjwa angewagongea mlango usiku bila kusita. Je, asiyejua kusoma atatambuaje nimonia? Dalili kuu ni pumzi za haraka: mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano anayefikia 40. Wataalamu walibuni shanga. Mhudumu huwasha saa ndogo ya kuhesabia dakika, humtazama mtoto kifua, na kwa kila pumzi husogeza ushanga mmoja. Vidole vikigusa shanga za rangi ya hatari kabla saa haijalia, mtoto anahitaji amoksilini. Kuna uzi wa wachanga na uzi wa wakubwa. Huko Aweil Kusini wahudumu wa aina hiyo walijaribiwa hata katika kutibu utapiamlo mkali kwa chakula dawa, wakiongozwa na picha na rangi, nao walimudu. Kwangu mimi hili ni kati ya mambo makubwa kabisa yaliyofanywa katika afya ya vijijini: badala ya kumfukuza kazini mwanamke asiyejua kusoma, waliibadilisha kazi imfae.

Ushahidi wa zamani zaidi kwamba wanakijiji wanaweza kazi hii ni mnyoo wa Guinea. Hauna chanjo wala dawa. Mwaka 2006 wagonjwa wa eneo hili walizidi 20,000. Wanavijiji waliojitolea walifundisha wenzao kuchuja maji kwa kitambaa na kumzuia mgonjwa asiingie bwawani, na mwaka 2017 hakuonekana mgonjwa hata mmoja. Wachache wamejitokeza tangu hapo, lakini maelfu hawajarudi.

Shanga, hata hivyo, hazizuii damu ya mzazi. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yaliiweka Sudan Kusini juu kabisa duniani, vifo 1,223 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Mama anayevuja damu anahitaji mkunga aliyesomea, damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji. Matabibu wanafunzwa Maridi. Chuo cha wauguzi na wakunga cha Juba kilifunguliwa mwaka 2010. Huko Bunj, zaidi ya kilomita 600 kutoka Juba, Dkt. Evan Atar Adaha alipewa Tuzo ya Nansen mwaka 2018 kwa kuendesha hospitali ya wakimbizi na wenyeji bila hata mashine ya usingizi. Ushujaa wake unastahili heshima yote, ila hakuna nchi inayoweza kupanga bajeti kwa kutegemea mashujaa.

Mnyororo wa kufikisha huduma kijijini hukatikia pale pale kila mara: dawa zinachelewa, posho inakaa miezi haijalipwa. Mama akikuta sanduku tupu mara mbili, safari ya tatu hamleti mtoto. Humpikia mizizi na kungoja. Wafadhili hufunga mahesabu yao kwa kalenda ya Ulaya na Marekani, na fedha zinazoidhinishwa Juni hununua dawa zitakazofika bohari za Juba wakati barabara zimeshazama. Shehena ya msimu mzima lazima iwe kaunti ifikapo Aprili, pamoja na posho za wahudumu za miezi yote ya mvua.