Mkindu na Majina Yake

Huko Kabiro, upande wa Kawangware, Nairobi, hukaa watu wa lugha nyingi, na mti mmoja huweza kuwa na majina matatu katika ua mmoja. Mkindu ni mfano. Wakikuyu huuita mukindu, Wajaluo othith, na Wamasai oltukai. Mji wa Makindu, Ukambani, na mahali paitwapo Ol Tukai, penye vinamasi vya Amboseli, pote pamepata jina kwa mti huu.

Mkindu ni ndugu wa mtende, nao hubaki na majani mabichi mwaka mzima. Huota mashina mengi pamoja, na chini ya kila kuti mna miiba mikali. Wanawake wa pwani huchuma makuti machanga, yaani ukindu, wakasuka mikeka. Lakini kilele kikikatwa chote, shina lile hufa.

Mkindu hupenda penye maji karibu. Basi mwenye kutafuta kiwanja na autazame kabla ya kuuliza bei. Ulipoota wenyewe bila kupandwa, shimo la choo halikawii kujaa maji, hata ikiwa mwuzaji, wakati wa kiangazi, asema ni pakavu. Mwaka 2024 mafuriko yalizoa nyumba nyingi zilizojengwa kando ya mito ya Nairobi.