Katani Iliyokosa Mnunuzi, na Mafuta ya Hamira

Kimamba na Rudewa, wilayani Kilosa, ziliishi kwa katani. Manamba, vibarua wa mkataba, walitoka mbali kuja kukata mkonge, mashine za korona zikachakata majani, reli ya kati ikashusha marobota Dar es Salaam. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000, nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Miaka thelathini baadaye hazikufika tani 40,000. Mengi ya mashamba yakageuka mapori, na wakulima na wafugaji wakaanza kugombania ardhi.

Lawama nyingi huangukia utaifishaji wa mashamba wa 1967. Si lawama ya bure, ila bei ilishaanza kuporomoka kabla ya Azimio la Arusha la mwaka huo. Polipropilini, nyuzi zinazotokana na petroli, iliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakulima wa Ulaya na Marekani waliofunga nyasi za mifugo kwa kamba ya katani wakahamia huko, mmoja baada ya mwingine. Mkonge wa Kilosa haukuugua. Ulikosa mnunuzi.

Nayakumbuka hayo kila ninaposoma habari za hamira inayotengeneza mafuta. Mwaka 2010 kampuni ya DuPont ilianza kuuza mafuta ya omega-3 yaliyotengenezwa na hamira aina ya Yarrowia lipolytica, iliyobadilishwa vinasaba. Baadaye samoni wa kufugwa Chile walilishwa hamira hiyo ili kupunguza mafuta ya samaki wa kuvuliwa. Amyris, ya Marekani, ililisha hamira sukari ya miwa Brazil ikapata skwalani, mafuta ya vipodozi yaliyozoeleka kutolewa kwenye maini ya papa. Bahari ilipata nafuu ya kweli hapo, nami naifurahia.

Ujuzi huu bado ni ghali. Amyris yenyewe iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2023. Kilo moja ya mafuta hula zaidi ya kilo tatu za sukari, hata hamira ifanye kazi bila kupoteza chochote. Kwa hiyo alizeti ya kukaangia, ambayo kituo cha utafiti cha Ilonga jirani na mji wa Kilosa kimeishughulikia kwa miaka mingi, haiko hatarini leo. Ninayoyahofia ni mafuta machache ya bei kubwa, kama siagi ya kakao, inayompa soko mkulima wa Kyela na Kilombero. Hayo ndiyo maabara huyakimbilia kwanza, kwa sababu bei yake inafidia gharama.

Na chakula cha hamira kiko hapahapa. Ukishika barabara ya Mikumi kwenda Kidatu utafika Ruembe, penye kiwanda cha sukari. Mbigiri nako kimejengwa kingine. Zamani sehemu kubwa ya katani ya Kilosa iliondoka ikiwa nyuzi tu. Molasi, mabaki ya viwanda hivyo, nayo inaweza kuondoka hivyohivyo, ikanunuliwa kwa bei ya mabaki na mwenye hamira yake. Ilonga inajua mbegu, na Chuo Kikuu cha Sokoine kiko mkoa huohuo. Tangi la kwanza la kuchachushia lingewekwa kati yao, sasa, kabla mnunuzi wa kakao hajahama.