KUPANDA JUU SI FAIDA KILA MARA

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Leo nataka kuwaeleza jinsi kompyuta ya ndege inavyokihesabu kibaba hicho.

Kila asubuhi nikija shuleni huona ndege ikipaa kutoka uwanja wa Kisumu kuelekea Nairobi. Siku moja nilibishana na rafiki yangu darasani. Nilishikilia kwamba ndege ikizidi kupanda, mafuta yanazidi kubaki. Sababu nilikuwa nayo: kwenye futi 35,000, uzito wa hewa ni kama theluthi moja tu ya ule wa usawa wa bahari, basi ndege haisumbuki sana kuipasua. Mwalimu wa fizikia akaniuliza, "Na gharama ya kupanda atalipa nani?" Darasa zima likacheka.

Sasa nimeelewa. Kompyuta ina majedwali yaliyotokana na majaribio ya watengenezaji. Marubani huipa uzito wa ndege, njia, upepo na baridi ya huko juu. Kisha hulinganisha mambo mawili: mafuta ya kupandia, na akiba ya kilomita zilizobaki.

Tuseme, kwa mfano tu, kupanda kunakula kilo 100 za ziada, na huko juu tunaokoa kilo 1 kila kilomita 10. Kukibaki kilomita 4,000, tunaokoa 400, tunatoa 100, faida ni kilo 300. Lakini Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 280 tu angani. Tutaokoa 28 na kulipa 100. Hiyo ni hasara!

Uzito nao una neno. Ndege nzito ikienda juu mno, hewa nyepesi haiibebi vizuri. Inalazimika kuinua pua na kukokota. Ndiyo maana ndege ya kutoka Nairobi kwenda London hupanda kwa vituo, kadiri mafuta yanavyochomwa na uzito kupungua.

Mwisho ni upepo, na huu ulinifunza kwa uchungu. Baba ni mvuvi hapa Dunga. Muhula uliopita, karo ikiwa bado, nilimwambia aende mbali zaidi kufuata mbuta. Samaki alipata, ila wakati wa kurudi upepo ulimkabili, petroli ikaisha, akavutwa na mashua nyingine hadi ufuoni. Pesa za samaki zikaishia kwenye deni la petroli, nami nikakaa nyumbani wiki nzima. Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Kijana wangu, ulihesabu samaki, hukuhesabu upepo."

Kompyuta ni vivyo hivyo. Ikipewa upepo usio wa kweli, itaahidi akiba isiyokuwepo. Kwa hivyo rubani hodari huisoma, lakini huupima upepo tena njiani.

Rafiki yangu, ukisoma haya, ujue nimekubali: ulinishinda.