Lenzi Kuukuu Huugua Grisi Kabla ya Kioo

Mtu akinunua lenzi ya zamani ya fokasi ya mkono, kwanza huielekeza kwenye taa na kuchungulia vioo vyake. Akiona vumbi, utando mweupe au nyuzi za kuvu, hutafuta kitambaa na spiriti, na kazi inaanzia hapo. Naona huo ni mwanzo mbaya. Katika lenzi nyingi zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1950 na 1980, maradhi hutokea kwenye grisi iliyopakwa katika thredi za fokasi. Pete ngumu kuzungusha, mabamba ya tundu la mwanga yaliyolowa mafuta, na utando unaofifisha picha huonekana kama kasoro tatu zisizojuana, kumbe mara nyingi ni ugonjwa mmoja uliofika hatua tofauti. Anayefuta kioo bila kugusa grisi atarudi kukifuta tena, na kila mfuto unahatarisha kitu kisichorudishika nyumbani.

Chukua Helios 44-2, lenzi ya Kisovieti ya milimita 58 yenye uwazi wa f/2, iliyouzwa pamoja na kamera za Zenit. Mpangilio wake wa vioo 6 katika makundi 4 umetokana na Biotar ya kiwanda cha Carl Zeiss kule Jena, Ujerumani. Ilitengenezwa kwa wingi mno, na haina mota wala umeme, ndiyo maana wengi hujifunzia ufundi juu yake. Grisi yoyote ya kawaida ni mafuta yaliyoshikiliwa na sabuni, kwa mfano ya lithiamu au kalsiamu. Miaka ikipita, na hasa joto likizidi, mafuta hujitenga na sabuni. Sabuni hubaki kwenye thredi ikiwa kavu na nzito, na hapo pete inaanza kugoma. Mafuta nayo hutambaa juu ya chuma mpaka kwenye mabamba, na sehemu yake nyepesi hugeuka mvuke na kutua kwenye kioo kilicho jirani. Utando wa namna hii hukaa mara nyingi kwenye nyuso zinazotazamana na tundu la mwanga, ndani kabisa, ambako vumbi la nje hufika kwa shida. Kwangu mahali hapo panatosha kuwa ushahidi: uchafu ungekuwa umetoka nje, ungeanzia mbele au nyuma ya lenzi.

Chanzo kikijulikana, hata dalili husomwa upya. Kwenye Helios 44-2 tundu hufungwa kwa mkono, kwa hiyo mafuta kidogo kwenye mabamba hayabadilishi picha. Ni onyo tu kuhusu grisi. Lakini kwenye lenzi za tundu la kujifunga, kama Helios 44M au Super-Takumar, springi ndogo lazima iyafunge mabamba kabla shata haijafunguka. Mafuta yakiyagandisha, tundu huchelewa na picha hutoka nyeupe kupita kiasi. Huko kuyasafisha ni lazima, na yanapaswa kubaki makavu kabisa, bila tone la kilainishi. Petroli ya viberiti huondoa mafuta hayo vizuri: unalowesha kidogo, unafungua na kufunga tundu, unafyonza kwa karatasi laini, unarudia. Fanya hivyo dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali. Kuyang'oa mabamba moja moja sikushauri kwa anayeanza. Ni membamba, na likipinda moja yote yanakwama.

Wapo wanaouliza kwa nini usidondoshe tone la mafuta ya cherehani penye pete ngumu ukamaliza. Pete italainika kweli, kwa sababu mafuta mapya yanaiyeyusha grisi kongwe, na grisi iliyolegea hivyo ndiyo hukimbilia kwenye mabamba kwa kasi zaidi. Mafuta ya mgando ya kujipaka yana tatizo hilohilo: huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 40 hivi, na ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hupita hapo bila taabu. Hakuna njia ya mkato. Thredi zinatenganishwa, zinasuguliwa kwa mswaki na petroli ya viberiti mpaka chuma king'ae, kisha zinapakwa grisi ya lenzi, utando mwembamba tu. Ugumu wenyewe uko kwenye kutenganisha. Thredi za fokasi zina midomo mingi ya kuingilia, ili mzunguko usiofika hata mmoja mzima uisogeze lenzi umbali wa kutosha. Ukirudishia mdomo usio wake, lenzi itafunga vizuri mkononi lakini milima ya mbali haitaonekana wazi kamwe. Kwa hiyo fungua polepole, na mahali hasa zinapoachana kwaruza alama kwenye vipande vyote viwili.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba picha hutengenezwa na kioo, basi kioo kiwe cha kwanza. Nakubali kwamba utando ni adui halisi, maana husambaza mwanga na kuua weusi wa picha. Vumbi sivyo. Chembe zilizo kwenye kioo cha mbele ziko mbali mno na fokasi kiasi cha kutoonekana. Linalopaswa kuogopwa ni kitambaa. Tabaka la kuzuia mng'ao juu ya vioo hivyo, mara nyingi la magnesiamu floraidi, lina unene wa nanomita 100 hivi, na unywele wa binadamu unalizidi mara mia kadhaa. Punje moja ya mchanga chini ya kitambaa inatosha kulichana. Pulizia kwanza, lowesha, ndipo uguse.

Kuvu ndilo jambo linaloipita hoja yangu. Halihitaji grisi: linataka unyevu, giza na uchafu kidogo, na katika miji kama Mombasa na Zanzibar unyevu huo upo muda mrefu wa mwaka. Kwa lenzi za pwani ningekagua kuvu mapema, ningelisafisha kabla halijachimba kioo, na ningeitupa mbali ile mifuko ya ngozi inayohifadhi unyevu. Likishachimba, alama hazifutiki.

Na kwa nini asipewe fundi? Kwa lenzi ya thamani kubwa, apewe. Kwa Helios, gharama ya saa zake inaweza kuizidi bei ya lenzi, na nyingi zitatupwa zikiwa na vioo vizima. Ukiamua kufungua mwenyewe, lenzi za Kijapani zinataka bisibisi ya nyota ya kipimo cha Kijapani. Ile ya kawaida hula vichwa vya skrubu. Baada ya kufunga, jaribu kitu kilicho mbali sana. Ukitumia kamera ya kidijitali yenye adapta, kumbuka kwamba lenzi zenye thredi ya kufungia ya M42, kama Helios 44-2, zinahitaji milimita 45.46 kutoka kitako hadi filamu, na adapta nyingi huwa fupi kidogo, hivyo pete itapitiliza alama ya mbali. Pima adapta nyingine kwanza kabla ya kulegeza skrubu yoyote ya lenzi.