Wimbo wa kikwetu unapendwa, je, lugha yake mtoto anaijua?

DESEMBA ikikaribia, mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro hujaa familia. Wanaoshuka Same mjini hutafuta gari jingine la kupanda milimani, kwenda Chome, Mbaga au Mamba Miamba. Huko juu bibi amekwisha kupika makande, anasubiri wajukuu.

Wajukuu wanafika. "Shikamoo bibi." Bibi anaitikia marahaba, kisha anaendelea kwa Chasu, yaani Kipare. Mtoto anamgeukia mama yake: "Mama, bibi anasemaje?"

Swali hilo humchoma mzazi aliyekulia milimani. Tena mtoto huyohuyo, tangu asubuhi kwenye basi, alikuwa akiimba neno kwa neno wimbo wa Kinaijeria alioukariri kwenye simu, ingawa hajui maana yake. Kwa hiyo sikio na ulimi anavyo. Kinachokosekana ni kuisikia lugha ya bibi, na mtu wa kumweleza maana.

Kwamba muziki unaweza kuifikisha lugha mbali, Watanzania walikwisha kuona. Mwaka 2001 Saida Karoli kutoka Kagera alitoa albamu ya Maria Salome. Aliimba kwa Kihaya, juu ya midundo ya ngoma za kwao. Wasikilizaji wengi hawakujua Kihaya, lakini walimpenda, wakacheza na kuimba naye. Miaka 15 baadaye, mwaka 2016, Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudisha wimbo huo kwa jina la Salome, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa albamu ilipotoka nao wakaupokea.

Somo jingine linatoka mbali zaidi, Uskoti. Kundi la Runrig lilianzishwa mwaka 1973 katika kisiwa cha Skye, ambako wazee wengi walizungumza Kigaeli. Kundi hilo lilichanganya magitaa ya roki na nyimbo za asili. Albamu yake ya kwanza, ya mwaka 1978, ilikuwa ya Kigaeli mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1995 wimbo wao wa Kigaeli uliingia katika nyimbo 20 zilizouzwa zaidi Uingereza, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa lugha hiyo. Mashabiki waliwasifu hadi Denmark na Ujerumani, na walipoaga jukwaani mjini Stirling mwaka 2018, uwanja ulifurika.

Lakini mzazi asiishie kwenye sifa hizo. Katika sensa ya mwaka 1981, Uskoti ilikuwa na zaidi ya watu 79,000 waliozungumza Kigaeli. Kufikia sensa ya mwaka 2011 walibaki kama 57,000. Nyimbo zilipendwa, na wazungumzaji wakaendelea kupungua. Tangu mwaka 1985 yalianza kufunguliwa madarasa ya shule za msingi yanayofundisha kwa Kigaeli, lakini katika nyumba nyingi wazazi walikuwa wamekwisha kuacha kuwasemesha watoto kwa lugha hiyo.

Chasu nayo iko kwenye njia hiyohiyo. Iliandikiwa kitabu cha sarufi mwaka 1909, kazi ya mmisionari Mjerumani Ernst Kotz, kwa hiyo si lugha iliyokosa maandishi. Hata hivyo, shule ya msingi ni Kiswahili au Kiingereza, sekondari ni Kiingereza, na redio na televisheni ni hivyohivyo. Chasu imebakiwa na nyumbani, shambani, harusini na msibani. Mzazi akiiondoa nyumbani, mtoto ataipata wapi?

Wazazi wengine wanahofu kuwa kilugha kitamchanganya mtoto na kumrudisha nyuma darasani. Hofu hiyo wangeipima kwa wazee wao wenyewe. Wapo wengi Same wanaozungumza Chasu, Kiswahili, na Kisambaa au Kichaga cha majirani, na hawajawahi kuchanganyikiwa sokoni.

Mzazi aanzie wapi?

Anzia kwenye wimbo, kwa kuwa mtoto haoni wimbo kama somo. Chagua mmoja tu wa Chasu, wa kwaya au wa harusi, uimbwe nyumbani. Kisha mweleze maana, neno kwa neno. Wimbo usioelezwa utabaki kelele tamu.

Tumia simu uliyonayo mkononi. Ukiwa kwa bibi, muombe ruhusa, umrekodi akiimba wimbo wa kubembelezea mtoto, au akieleza ndiva ni nini na jinsi maji yake yanavyogawanywa mashambani, na watu walivyoitana kwenye msaragambo kuchimba mfereji. Mkirudi mjini, msikilize pamoja.

Teua wakati mmoja wa siku, kwa mfano chakula cha jioni, na wakati huo mseme Chasu pekee. Kama baba ni Mpare na mama ni Mchaga, kila mmoja amsemeshe mtoto kwa lugha yake.

Na mtoto akikosea kutamka, asichekwe. Mtoto wa mjini aliyechekwa na binamu zake siku ya kwanza hufunga mdomo hadi likizo iishe. Mwambie neno sahihi, aendelee.

Hakuna anayetarajia mtoto azungumze kama mzee wa Chome ndani ya likizo moja. Lakini akijua salamu, majina ya vyakula na wimbo mmoja anaouelewa, Desemba ijayo bibi atakapouanza wimbo huo jikoni, mjukuu ataweza kumwitikia.