KIPIMO KWANZA, PUNGUZO BAADAYE

Neno punguzo limeenea Temeke siku hizi kama vumbi la kiangazi. Kuanzia Chang'ombe hadi Mbagala Rangi Tatu, mpita njia hakosi kuliona limebandikwa mlangoni mwa duka, au kulisikia likitangazwa kwa kipaza sauti juu ya gari, au kuletewa kwa ujumbe wa simu ambao hakuuomba. Nunua mbili upate ya tatu bure. Bei imeshuka leo tu. Njoo na karatasi hii upunguziwe. Na ifikapo mwisho wa Juni, lango la Uwanja wa Sabasaba likishafunguliwa pale Barabara ya Kilwa, basi wilaya nzima hugeuka kuwa mnada.

Hatuna ugomvi na jambo hilo. Mfanyabiashara apunguzaye bei kwa hiari yake humtendea mlaji wema, na si kazi yetu kulaumu wema. Lakini hatuna budi kuuliza: je, mama wa nyumba wa Tandika, au ndugu yetu aliyevuka bahari kutoka Mafia kuja kununua mahitaji ya watoto wake, ananufaika nini hasa na mapunguzo hayo? Tumelitazama jambo hili kwa makini, na rai yetu ni kwamba sehemu kubwa ya fedha ya mnyonge hupotea katika kipimo, mahali ambapo hakuna tangazo lolote la punguzo linalofika.

Kuponi ya biashara ni mtoto wa nchi nyingine. Inasemekana ilianza huko Atlanta, Marekani, mwaka 1887, pale mfanyabiashara Asa Candler alipogawa tikiti za kumwezesha mtu kunywa bure glasi moja ya Coca-Cola. Kutoka hapo ikakua pamoja na maduka makubwa ya kujihudumia, ambamo kila kitu kimefungwa katika paketi yenye uzito ulioandikwa na bei iliyobandikwa. Mama wa nyumba wa huko huikata kuponi gazetini, akaipeleka dukani, akakatiwa senti zake. Mpango huo unafaa mahali ambapo vyakula vingi vinauzwa katika paketi. Kwetu sisi mchele unatoka guniani, mafuta yanatoka ndooni, nyanya zinapangwa mafungu, na dagaa wanapimwa kwa kopo. Kuponi itabandikwa wapi? Maduka makubwa ya kigeni nayo yalikuja yakaondoka. Shoprite iliwauzia Nakumatt maduka yake ya Tanzania mwaka 2014, Uchumi ikafunga mwaka 2015, na Nakumatt yenyewe haikudumu baada ya hapo. Soko la Temeke Stereo na duka la Mangi la mtaani yangali yapo.

Wazee wetu, hata hivyo, wanaijua kuponi ya namna nyingine. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nchi ilipopungukiwa fedha za kigeni na viwanda vikakosa malighafi, sukari, sabuni, unga, mafuta ya kula na khanga viligawiwa kwa orodha. Mtu alikwenda kwa balozi wake wa nyumba kumi, akaandikwa idadi ya watu wa nyumbani kwake, kisha akapanga foleni kwenye duka la ushirika, na baadaye kwenye duka la kaya, kungojea mgao ulioletwa na Kampuni ya Biashara ya Mkoa. Wengine waliweka jiwe au kopo mahali pao katika foleni tangu alfajiri, wakarudi nyumbani kuwasha moto. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba walikuwa wamekwisha kuonja mgao wa namna hiyo miaka ya mwanzo ya sabini. Bei wakati huo zilipangwa na Tume ya Bei iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, nayo ilisimamia bei za maelfu ya bidhaa. Kwa karatasi, hapakuwa na mahali duniani ambapo sukari ilikuwa rahisi kama Dar es Salaam. Lakini sukari yenyewe ilipita mlango wa nyuma, na mlanguzi akaiuza kwa bei aitakayo, mpaka Waziri Mkuu Edward Sokoine alipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983. Mwaka uliofuata milango ya biashara ikaanza kulegezwa, na bidhaa zikarudi madukani.

Hatuzitamani siku zile, wala hatudhani yupo azitamaniye. Twazitaja kwa sababu moja. Katika duka la kaya kila nyumba ilijua inastahili kilo ngapi, na majirani walikuwa wakitazamana mizani ikipanda na kushuka. Leo bidhaa zimejaa tele, na mizani ndiyo iliyoadimika.

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao kila msomaji anaweza kuubadilisha kwa bei za mtaani kwake. Tuseme ndoo ya mafuta ya kula ya lita 20 inauzwa shilingi 100,000, yaani shilingi 5,000 kwa lita. Chupa ya lita moja dukani ni shilingi 5,600. Na mafuta ya kupima, yale anayochotewa mtoto aliyetumwa na kikombe, ni shilingi 500 kwa kipimo cha mililita 80. Nyumba inayotumia lita 4 kwa mwezi itatoa shilingi 20,000 ikinunua kwa ndoo, 22,400 ikinunua kwa chupa, na 25,000 ikinunua kwa vipimo 50. Tofauti ya ndoo na kipimo ni shilingi 5,000 kwa mwezi, na 60,000 kwa mwaka, kwa mafuta peke yake. Hatujagusa unga, sukari, mkaa, sabuni wala mchele, ambavyo navyo vinanunuliwa kwa mtindo huo huo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mnunuzi wa kupima mambo yamegeuka: haba na haba zinakitoboa kibaba chake, naye haoni tundu liko wapi.

Tena mfano wetu umemdhania muuzaji kuwa mwaminifu. Yapo makopo ambayo kitako chake kimebonyezwa kwa ndani. Zipo ndoo ndogo, ambazo watu huziita sado, zilizopunguzwa kina, na muuzaji hujaza vitunguu kwa kuviegemeza mkononi hata vikaonekana mlima, kumbe chini ni pango. Zamani za pishi na kibaba kila mtu alijua kwamba vibaba vinne ndiyo pishi moja. Leo nani ajuaye sado ni kilo ngapi? Ndiyo maana hata amri ya bei haimfikii mnunuzi huyu. Januari 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha kazi ya viwanda na sukari ikaadimika, Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi kwa kila kilo. Jambo jema. Lakini yule anunuaye sukari iliyofungwa katika kijimfuko cha plastiki haulizwi habari za kilo. Muuzaji hakuwa na haja ya kuivunja amri waziwazi. Alipunguza vijiko viwili tu.

Hata hivyo tusimtwike Mangi dhambi zote. Yeye hufungua alfajiri na kufunga usiku wa manane, ana daftari la madeni ambamo nusu ya mtaa imeandikwa, na wakati wa msiba nyumba ya kwanza kubishiwa hodi ni yake. Faida yake ya rejareja ni pamoja na malipo ya huduma hiyo. Na si haki kumwambia mtu apataye shilingi elfu kadhaa kwa kutwa kwamba anunue kwa jumla, kana kwamba amekataa kwa ukaidi. Hana shilingi 100,000 za kuweka chini kwa mara moja. Hapo ndipo ugumu wote ulipo.

Lakini majirani watano wanazo. Nyumba tano zinazotumia lita nne nne zinaimaliza ndoo moja ya lita 20 kwa mwezi, bila kubakiza wala kupungukiwa. Jambo hili si geni kwetu. Wanawake wa Temeke wanacheza upatu tangu zamani, na kila inapokaribia Idi au Krismasi watu huchangia ng'ombe wakagawana nyama kwa mafungu. Kinachotakiwa ni kuuhamisha ustadi huo kutoka sikukuu kwenda siku za kawaida. Huko Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, watu 28, wengi wao wafumaji wa nguo waliochoshwa na unga uliochanganywa takataka na mizani za uongo, walichanga fedha wakafungua kiduka cha unga, siagi, sukari na mishumaa. Waliuza kwa bei ya soko, kwa kipimo kamili, na faida wakaigawa kwa kila mwanachama kwa kadiri ya manunuzi yake. Ushirika wa walaji tuujuao ulimwenguni pote ulikua kutoka mtaa ule. Kwetu maduka ya ushirika yaliamriwa kutoka juu, hasa katika Operesheni Maduka ya mwaka 1976, yakafa kwa kukosa wenyewe. Tofauti hiyo yafaa ikumbukwe na kila ofisa atakayesoma makala hii na kushawishika kuunda kamati.

Kwa wale watakaojaribu, tunayo machache ya kusema. Wawe wachache, wanaojuana milango. Fedha ishikwe na mmoja na daftari lishikwe na mwingine. Mgawo ufanywe siku ile ile ndoo inapofika, mbele ya wote, kwa chupa zilizoandikwa lita, kwa maana ndoo inayolala nyumbani kwa mtu huzaa maneno. Waanze na vitu visivyooza: mafuta, sabuni, chumvi, sukari, mchele uliokaushwa vizuri. Unga wasirundike, fukusi hawana subira. Vitunguu na viazi wanunue pale Stereo kwa ajili ya wiki moja tu. Na mtoto asiyesoma darasa lolote bado aende sokoni na mama yake, aone namna mshale wa mizani unavyosimama kwenye sifuri kabla ya kitu kuwekwa.

Ama kuhusu Sabasaba na matangazo ya punguzo, ushauri wetu ni mfupi. Mtu aende na orodha aliyoiandika nyumbani, na ajue bei ya kitu hicho Tandika ilikuwa ngapi juma lililopita. Asipoijua bei ya zamani hawezi kujua kama imepunguzwa. Atazame na tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu punguzo kubwa mno la maziwa ya unga mara nyingi lina siri yake. Na nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na kiingilio na soda za watoto, nazo ni sehemu ya bei.

Twageukia sasa wasomaji wetu wa visiwani, ambao habari hii inawagusa kwa uchungu zaidi. Mtu wa Mafia atokaye Kilindoni huvuka hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, akapanda gari hadi Mbagala Rangi Tatu, na mara nyingi manunuzi yake huanzia na kuishia pale pale stendi. Anakuja mara moja, ananunua mengi, na ana haraka ya kuwahi gari na maji. Mkaaji wa Mbagala akipunjwa asubuhi, jioni anaweza kurudi kulalamika. Mtu wa Mafia afungue gunia lake Kilindoni akute juu ni mchele na chini ni chenga, au ahesabu kilo akute pungufu, kati yake na muuzaji pana bahari. Nauli ya kurudi kudai ni kubwa kuliko alichodhulumiwa, na muuzaji mjanja anaijua hesabu hiyo. Tena mzigo huo umelipiwa mkokoteni, umelipiwa gari, umelipiwa mchukuzi gatini, umelipiwa chombo. Kila kilo isiyokuwemo imesafirishwa kwa fedha halali. Ndugu zetu wa Unguja wavukao na magunia kutoka bandari ya Dar es Salaam wanaijua pia adha hii.

Sheria zipo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ilitungwa mwaka 1982, na Wakala wa Vipimo upo tangu 2002. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, ili mkulima asiibiwe kwa lumbesa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji juu ya bei ya bidhaa. Maofisa hupita masokoni, hukagua mizani na kubandika stika, na tunawapongeza kwa hilo. Lakini mnunuzi anayeishuku sado aliyouziwa sasa hivi hana mahali pa kuipima pasipokuwa kwa jirani wa yule yule aliyemuuzia.

Tunachokiomba kwa Manispaa ya Temeke na kwa Wakala wa Vipimo hakihitaji semina wala mfadhili. Iwekwe mizani ya uhakiki, ya bure, yenye mtu wa kuisimamia kutoka alfajiri hadi magharibi, katika masoko ya Tandika na Stereo. Iwekwe nyingine pale stendi ya Rangi Tatu, mahali ambapo abiria wa Nyamisati anaweza kuupima mzigo wake gari likiwa bado halijaondoka na muuzaji akiwa bado yuko mbele ya macho yake. Na tunaomba ziwe zimefika kabla ya Ramadhani ijayo.